Kofia ya Mwisho wa Waya

Niliitoa mimi. Nasema mapema ili nisipate kazi ya kuficha katika kurasa zote hizi. Ile kofia ya chuma iliyokuwa mwisho wa waya, nyuma ya meza ya mama, niliizungusha kidogo, nikaivuta, ikatoka, nikaitia mfukoni mwa kaptura ya shule. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa darasa la saba, na nilikuwa nimefukuzwa shuleni niende nikanyolewe, kwa hivyo nilikuwa na nywele nyingi na wakati mwingi. Kofia yenyewe ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya dawa ya macho, inang'aa, nzito kuliko ulivyodhani. Fundi wa Simu alikuwa amenieleza kwamba ndiyo inayomeza maneno yakifika mwisho wa waya. Bila kofia, alisema, maneno yatafika mwisho, yagonge, yarudi nyuma, yagongane na yale yanayokuja, na hakuna mashine itakayosikia nyingine. Mtu mwenye akili angesikia hayo akae mbali na kofia. Mimi nilitaka kuona maneno yakigongana. Nilifikiri kwenye skrini ya mama zingetokea herufi zimevunjika miguu, A inachechemea, H imelala chali, nicheke dakika mbili, kisha nirudishe kofia mahali pake.

Hakuna herufi iliyochechemea. Skrini ilinyamaza tu. Nitafika hapo.

Ninayetaka kumwandika ni Fundi wa Simu mwenyewe. Alizaliwa lini, babake alikuwa nani, sijui, na sikumuuliza. Nilijua tu kwamba kwao ni Kanja, upande wa Embu, na kwamba hapa Meru watu walimchukulia kama mgeni aliyekuja kusalimia akasahau kwenda nyumbani. Aliitwa Fundi wa Simu kwa sababu ujanani alikuwa akipanda milingoti kufunga nyaya za simu. Miaka yote niliyomjua hakutengeneza simu hata moja. Kwake hakukuwa na simu. Ile ya ofisini ikilia alitazama dirishani kama mtu aliyesikia mbwa wa jirani.

Ofisini maana yake ni jengo moja mjini Meru, la ghorofa moja, lenye rangi ya maziwa yaliyoungua. Chini palikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo, na nyuma ya duka chumba cha kuchapia kadi na kalenda. Juu palikuwa na studio ya picha, na mwisho wa korido chumba cha mama, aliyekuwa akipigia watu barua taipu. Biashara zote zilikuwa za mtu mmoja, tuliyemwita Mwenye Jengo. Alipenda kusema hana biashara nne, ana ng'ombe mmoja mwenye chuchu nne. Fundi wa Simu alikaa studio. Huko ndiko ilikokuwa mashine yake.

Mashine hiyo lazima niieleze, kwa sababu hapa kwetu haikuwa na ndugu. Padre mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, ile ambayo huko kwao huwekwa sebuleni watoto wachezee. Haikuwa na sanduku. Mwili wake wote ulikuwa ndani ya kibodi, mnene kidogo kama mkate, na ukitaka kuona kitu unaichomeka kwa televisheni. Watu waliofika studio kupigwa picha walimuuliza kama hiyo ni taipu iliyoota mkia. Lakini ilijua rangi. Wakati kompyuta za benki zilikuwa zinaonyesha herufi za kijani kwenye giza, hii ilichora ua, ikachora mlima na theluji yake, ikayapitisha majina ya bwana na bibi arusi juu ya video yakizunguka kama vumbi la kiangazi. Hakuna arusi iliyojiheshimu kutoka Githongo hadi Kiirua ambayo haikutaka majina yazunguke. Nimeona bibi mmoja akilia kwa kuona jina lake linazunguka. Mumewe hakulia, lakini lake lilikuwa fupi, lilizunguka haraka likaisha.

Kwa watu Fundi alikuwa bahili wa maneno. Kwa mashine alikuwa mwingi. Aliiongelesha Kiembu, polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Sisi alituongelesha Kiswahili cha mkato. Ukimuuliza swali alikwambia, "Ngoja," kisha akaenda zake, na kesho yake akakujibu mnapokutana kwenye ngazi, bila kukukumbusha swali lilikuwa nini. Nilijifunza kuyaandika maswali yangu kwenye daftari la hesabu, vinginevyo ningepata majibu ya bure.

Alinawa mikono kabla ya kushika mashine. Kabla ya kula hakunawa. Mukimo wake wa viazi na mahindi aliufungua kwenye gazeti akaula kwa kidole na gumba, kisha akatoka hadi kwenye mfereji, akanawa hadi kwenye viwiko kama daktari, akarudi kwa kibodi. Mama alimwambia anafanya mambo kinyume. Alijibu kesho yake kwenye ngazi: tumbo lina asidi, kibodi haina.

Huyu mtu aliyepanda milingoti miaka yote hiyo hakuweza kusimama juu ya kiti. Siku ya kupitisha waya juu ya mlango wa studio alimwita mbeba magunia wa duka la mbegu apande, yeye akabaki chini ameshika kiti kwa mikono miwili na kufumba macho. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwenye drafti alikuwa mwizi. Ukiangalia pembeni vizibo vyake vya soda vilikuwa vimeruka safu mbili. Ukimshika alivirudisha bila aibu na kusema alikuwa anajaribu macho yako.

Alipenda hadithi moja tu, akaisimulia kila mgeni. Zamani alitumwa kule chini kwenye ukame, kwa wafugaji wa Mbeere, kwa sababu waya wa simu ulikuwa unakatwa kila wiki. Akamkuta mzee mmoja ameutengenezea bangili na mitego ya ndege. Hakumkemea, alikaa naye. Mzee akamwambia kwamba kabla ya kuukata alikaa chini ya huo waya siku nzima, tangu mbuzi wanatoka hadi wanarudi, akisikiliza, na haukusema neno hata moja, sasa wa nini. Wageni walicheka. Fundi hakucheka. Alisema kwamba katika kazi yake yote hajawahi kusikia mtu mwingine aliyejaribu kusikiliza kwanza.

Alikuwa na misemo yake. "Waya haina kabila" aliusema kila mtu alipomuuliza Muembu anafanya nini Meru. Mwingine ulikuwa, "Mashine zote ni wajinga, tofauti ni ujinga wa wapi." Huo nimeutumia mimi juu ya walimu, nikachapwa.

Nami nilimsumbua, sitadanganya. Shule yangu ilikuwa karibu, na kila jioni nilipita kumngoja mama. Nilimfungia viatu kamba moja kwa nyingine akiwa ameketi. Nilimwambia Padre amepiga simu, akashuka ngazi mbio. Kubwa zaidi lilikuwa kinyonga. Nilimkamata kwenye ua wa kanisa, nikamleta kwa kijiti, nikamweka juu ya televisheni ya Fundi, nikajificha nyuma ya pazia la studio. Kwetu mtu mzima mwenye heshima zake akiona kinyonga ndani ya nyumba hutoka kwa dirisha. Fundi alimtazama. Akavuta kiti. Alikaa hapo alasiri nzima akimchora kwenye mashine, mguu kwa mguu, na mimi nyuma ya pazia nimebanwa na mkojo.

Mchoro ule ulikuwa mzuri mno. Mtu wa chumba cha kuchapia akauona, naye hakuwa mtu wa kuuliza, akauweka kwenye kalenda ya duka la mbegu. Wakulima walikuja Desemba wakapewa kalenda bure, wakaifungua, wakairudisha kwenye kaunta kwa ncha za vidole. Nani atatundika kinyonga ukutani juu ya watoto? Mwenye Jengo alipanda juu akiwa amevimba shingo, akauliza ni nani aliyeleta wazo hilo la kishetani. Mimi nilikuwa hapo hapo mlangoni. Fundi alisema ni yeye, alimwona kwenye ua akampenda. Alisema hivyo bila kunitazama, akaendelea kufuta vumbi. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilicheka hadi nyumbani.

Sasa habari za waya.

Nilipoingia darasa la saba, Mwenye Jengo alinunua kompyuta tatu za kiofisi kutoka Nairobi, za mitumba, rangi ya meno ya mzee. Moja ikaenda duka la mbegu, moja chumba cha kuchapia pamoja na printa kubwa, na moja ikaletwa kwa mama. Taipu yake ikapelekwa stoo. Mwenye Jengo alimwambia mama yuko kwa majaribio: akiweza kompyuta atabaki, akishindwa atatafutwa msichana aliyesomea. Mama alinunua daftari akaandika kila kitufe na kazi yake. Baba alikuwa ameenda Isiolo miaka mingi nyuma na hatukuwa tunamtaja, si kwa uchungu, alikuwa tu ameacha kuwa mtu wa kutajwa. Sehemu tuliyokaa ilikuwa ya kukodi.

Mwenye Jengo alitaka kompyuta zake zifungwe pamoja kwa waya mmoja, ili barua iliyoandikwa juu itoke kwenye printa ya chini bila mtu kukimbia na disketi. Fundi alipitisha waya. Ulikuwa mweusi, mnene kama kalamu, ukaanzia chumba cha kuchapia, ukapita dukani, ukapanda studio, ukaishia nyuma ya meza ya mama. Kila mwisho kofia moja. Ule wa juu ulikuwa huo wa mama.

Shida ilikuwa mashine ya Fundi. Ilikaa katikati ya waya na haikuwa kwenye waya. Ilikuwa ya nyumbani, zile ni za kazi, na waliozitengeneza hawakutarajia zikutane. Disketi za mama ilizisoma. Disketi zake, ukizitia kwa mama, kompyuta ilisema hakuna kitu humo. Nilimuuliza kwa nini ni upande mmoja tu. Kesho yake kwenye ngazi akasema, "Mimi nimejifunza Kimeru. Wewe Kiembu unajua?"

Kwanza alijaribu kwa kamba nyembamba ya kutoka nyuma ya mashine yake hadi nyuma ya ile ya mama, mlango kwa mlango. Alituma picha ya ng'ombe. Tulianza kungoja saa nne asubuhi. Ng'ombe alikuja mstari kwa mstari, pembe, kisha paji la uso, kisha macho, na watu wa duka walikuwa wanapanda kuuliza amefika wapi. Saa saba alikuwa amefika tumboni. Mtu akapita akakwaa ile kamba, na yule ng'ombe hakupata miguu kamwe.

Kwa hivyo akamwandikia Padre. Aliandika barua moja, akaandika ya pili, na baada ya miezi kadhaa ya posta na subira kikaja kifurushi: sweta, na ndani ya sweta kadi ya kijani ya kuchomeka ubavuni mwa mashine, ili iingie kwenye waya na zile nyingine. Sweta aliivaa siku hiyo hiyo, jua likiwa kali. Wiki tatu alikaa na vitabu vya Kiingereza akiongea Kiembu na ile kadi.

Katikati ya wiki hizo alianza kuja mtu mmoja wa tai shingoni. Alikuwa muuzaji wa kompyuta kutoka Nairobi, ndiye aliyeuza zile tatu, na alitaka kuuza ya nne ikae studio. Alimwambia Mwenye Jengo kwamba ile ya Fundi ni kitu cha kuchezea, na kwamba inaweza kuambukiza nyingine virusi. Virusi ndilo neno lililokuwa mjini mwaka huo, kila mtu aliliogopa na hakuna aliyewahi kuviona. Mwenye Jengo alikuwa mfugaji kabla ya kuwa mfanyabiashara, akaelewa kwa njia yake. Alisema ng'ombe wa gredi na wa kienyeji hawalazwi zizi moja, kupe ni wale wale.

Wakati huo kiwanda kimoja cha kahawa upande wa Githongo kilitaka kadi za wanachama, kila kadi na jina na mchoro wa alama ya kiwanda kwa rangi. Majina yangeandikwa kwa mama, mchoro ungetoka kwa Fundi, kadi zingetoka kwenye printa ya chini. Makarani wa kiwanda wangekuja Ijumaa kuona kwa macho. Mwenye Jengo akatoa uamuzi wake mbele ya wote. Mashine ya Fundi ikiongea na hizo nyingine Ijumaa, inabaki, na Fundi anaandikwa kazi kama mkuu wa kompyuta za jengo zima. Ikishindwa, anatoka yeye na mashine yake, na ya nne inanunuliwa.

Alhamisi mchana ilifanya kazi. Nilikuwepo, nimetoka shule kwa chakula cha mchana. Fundi alibonyeza kitufe juu, na chini printa ikaanza kuguna, ikatoa tawi la kahawa lenye buni nyekundu na jina la mama yangu chini yake, kwa sababu ndilo jina alilokuwa ameandika la kujaribia. Fundi alishuka, akaliona, akapanda tena, akabonyeza tena, akashuka tena. Mara nne. Ndiyo siku pekee niliyomwona anacheka, na alicheka vibaya, kama mtu anayekohoa mfupa wa samaki.

Ijumaa nikaitoa ile kofia.

Mama alikuwa ameshuka kuwapokea makarani. Nilikuwa peke yangu chumbani mwake. Niliichomoa, nikasubiri herufi zilizovunjika miguu, hazikuja. Nikasikia viatu vingi kwenye ngazi. Nikaitia mfukoni nikakaa kwenye benchi. Mama akaingia na karani mmoja, akaketi, akagusa kitufe, na skrini ikaganda. Akagusa tena. Chini mtu wa printa akapaza sauti kwamba yake imeganda pia. Duka nalo. Mashine ya Fundi pekee ndiyo iliyokuwa inawaka rangi zake zote, ua na mlima na theluji, haina habari.

Mtu wa tai hakusema mengi. Alisema tu kwamba aliwaonya.

Fundi alianza kuufuata waya. Alitoka chumba cha kuchapia, dukani, ngazi, studio, mkono wake ukipapasa waya kama kipofu anayefuata ukuta. Akaingia kwa mama. Akapiga magoti, akaingiza kichwa nyuma ya meza. Alikaa huko muda. Nilikuwa naona soli za viatu vyake, moja imepasuka. Mama alikuwa amesimama na daftari lake la vitufe kifuani. Mwenye Jengo alikuwa mlangoni, nyuma yake makarani, nyuma yao tai.

Fundi alitoka huko chini, akapangusa magoti. Hakunitazama. Mwenye Jengo akamuuliza ni nini.

"Ni mashine yangu," akasema. "Imeshinda hizi zingine nguvu."

Ningeweza kusema. Mkono ulikuwa mfukoni, umeishika. Nilichokuwa nafikiri, na nakiandika kwa sababu ndiyo kweli, ni kwamba benchi lilikuwa na msumari na ulikuwa unanichoma paja.

Mtu wa tai aling'oa waya wote, akalaza mwingine mpya aliokuja nao ndani ya gari, na kofia zake mpya, bila kuipitia mashine ya Fundi. Kompyuta zote tatu zikaamka. Hapo ndipo kila mtu alipoamini kabisa. Hata mama aliamini. Jioni Fundi aliifunga mashine kwenye sweta ya Padre, akaitia kwenye katoni ya mbegu za mahindi, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Aliponifikia aliniambia nikanyolewe.

Mama alimaliza majaribio, akabaki. Yuko hapo hadi leo, na sasa anafundisha wasichana waliosomea. Mimi nilimaliza la nane, nikaitwa sekondari ya bweni. Kofia niliibeba kwenye sanduku. Muhula wa kwanza nilimpa kijana mmoja wa Kiirua, naye akanipa nusu ya sabuni. Watu hudhani kitu kama hicho hukuchoma mfukoni. Hakikunichoma. Nilioga nayo ile sabuni, ikaisha.

Likizo hii ya Agosti, nikiwa kidato cha tatu, mama alinituma kwa dadake Runyenjes nipeleke maharagwe ya mbegu. Nilipomaliza niliuliza njia ya Kanja. Sikuwa nimepanga. Au nilikuwa nimepanga na sikujiambia.

Hakuwa mgumu kupatikana, huko kila mtu alimjua Fundi wa Simu. Nilimkuta kwenye kahawa yake akipogoa matawi, amevaa ile sweta, sasa imetoboka viwiko. Alinitazama akataja jina langu, Mwenda, kisha akaniuliza kama mama bado anagonga kile kitufe kirefu kana kwamba anaua mende. Nikasema ndiyo. Akaniingiza nyumbani. Mashine ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alisema ni nzima. Televisheni ndiyo iliyokufa.

Nilikuwa na mzaha wa kuanzia, nimeutengeneza njia nzima, ukanipotea. Nikasema ile Ijumaa niliitoa kofia mimi.

"Najua," akasema.

Nilingoja. Nilidhani ataniambia ngoja, na jibu lije kesho kwenye ngazi ambazo hazipo. Lakini aliendelea, akitazama mkasi wake wa kahawa.

"Waya haina kofia upande ule. Upande ule kulikuwa na nani? Mama yako na wewe. Ningesema kofia imetolewa, Mwenye Jengo angeuliza ni nani, na mama yako alikuwa bado kwa majaribio."

Nikamwambia yeye pia alikuwa karibu kuandikwa kazi.

"Mimi nilikuwa na shamba," akasema. "Mama yako alikuwa na nini?"

Hakukuwa na hasira ndani yake, nilitafuta. Alisema vile mtu anavyosoma namba ya gunia kwenye ghala la kahawa. Akamwita mkewe alete chai. Nikasikia mkewe akimwita mtoto, na mtoto akitoka mbio na chupa tupu kuelekea kwa jirani. Baadaye nilijua ni kwa nini: ng'ombe wao alikuwa amekauka tangu Juni, na wao walikuwa wakinywa chai ya rangi. Yangu ilikuja nyeupe. Zao zilikuwa nyekundu. Tukanywa. Aliniuliza kama shuleni kwetu kuna kompyuta, nikasema kuna moja imefungiwa kwa mwalimu mkuu. Akasema bora ifungiwe peke yake, itakosa wa kugombana naye. Aliniongeza kikombe cha pili. Alinisindikiza hadi barabarani, akarudi kwenye kahawa yake kabla sijapata gari.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Mama alikuwa kwenye mlango wa nyuma na sinia, anachambua ndengu. Nilimpa salamu za dadake. Kisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumwambia yote, kwa mara ya kwanza: kofia, mfuko, benchi, sabuni, Kanja. Nilimwambia alivyosema Fundi, neno kwa neno, hata lile la shamba. Vidole vya mama havikusimama. Aliokota kijiwe, akakitupa uani. Akaokota kingine. Nilingoja anipige, au alie, ningekubali lolote kati ya hayo.

Baadaye akaniuliza kama walinikaribisha. Nikasema walinipa chai. Akauliza ya maziwa? Nikasema ndiyo, ya maziwa, nikamweleza kuhusu chupa na mtoto na jirani, na ng'ombe aliyekauka, na kwamba wao walikunywa ya rangi. Vikombe viwili, nikasema.

Mama akaweka sinia chini. Akanitazama kwa muda, si kwa ukali, vile unavyomtazama mtu aliyekuja ofisini na hujui ametumwa na nani.

"Na ukakunywa," akasema.